Gitaa za Bama: dansi liliteremka melini na askari wa Keya, au tunapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa?

#1 KifaruWaKalewa

Wakuu, salaam.

Kila yakizungumzwa mambo ya muziki wa dansi, wazee hutoa hadithi moja: vijana walichukuliwa Keya (jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, King's African Rifles), wakapelekwa Bama (Burma, Myanmar ya leo) kupigana na Mjapani, wakarudi 1945 na 1946 na gitaa begani, na hapo ndipo rumba ya Kiswahili ikaanza. Siku hizi wameibuka wajuaji wanaosema ni porojo. Mimi nasema ni kweli, na nina hoja tatu.

Ya kwanza ni Fundi Konde. Mzaliwa wa Kilifi, akapiga gitaa kwenye kikosi cha burudani cha Keya. Bendi iliyotokana na kikosi kile, Rhino, ilipomaliza jeshi ikakaa Kampala, kisha 1948 ikateremka Mombasa. Ilipovunjika, wapigaji wake wakatawanyika na ujuzi wao.

Ya pili ni hesabu ya watu. Kenya ilitoa kama 98,000, Tanganyika kama 87,000, Uganda kama 77,000. Uwakusanye vijana wote hao, uwalipe mshahara, uwachanganye makabila, uwavushe bahari, halafu warudi mikono mitupu?

Ya tatu ni bendi zenyewe. Salum Abdallah alianzisha Cuban Marimba pale Morogoro 1948, askari wametoka kuvua gwanda juzi tu. Hiyo nayo ni sadfa?

Nipingeni kwa tarehe, si kwa hisia.

#2 MnaziMmoja32

Umeomba tarehe, chukua: 1932. Dar es Salaam Jazz Band. Hitla mwenyewe alikuwa hajashika serikali.

#3 ChetezoBaridi

Natandika mkeka. Nani analeta kahawa?

#4 PwaniYaKale

Na #2 naye kaanzia katikati. Klabu za dansi Mombasa zilikuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1920. Vijana waliosoma misheni, makarani na watu wa reli, wakivaa suti na wanawake magauni, wakicheza waltz na foxtrot wawili wawili kwa kushikana, jambo lililowachefua wazee wengi. Akina Lukas Tututu na Paul Mwachupa ni wapiga gitaa wa pwani, na gitaa lao lina harufu ya taarab. Hawakuhitaji kwenda Bama kulijua.

Halafu mwenye uzi, rekebisha: bendi ya Salum Abdallah ya 1948 iliitwa La Paloma. Jina la Cuban Marimba lilikuja baadaye.

#5 KifaruWaKalewa

#4 sawa, La Paloma, nimekubali. Lakini bado ni 1948. Na #2, bendi moja ya mjini 1932 si muziki wa nchi nzima. Mimi nazungumzia mlipuko, si kiberiti.

#6 MnaziMmoja32

Umeanza kuhamisha magoli mapema hivi? Haya, Morogoro Jazz ni 1944. Mwaka huo askari wako walikuwa kwenye matope ng'ambo, nani aliwaletea gitaa Morogoro? Posta?

#7 SindanoYaChuma

Mnabishana juu ya nani alibeba gitaa, wakati gitaa ni mbao tu. Swali la maana ni nani alileta *midundo*. Jibu liko kwenye santuri zenye herufi GV.

Kwa wasiojua: kampuni ya HMV, ile ya lebo ya mbwa anayesikiliza gramafoni, ilianza 1933 kutoa mfululizo wa santuri za GV kwa ajili ya soko la Afrika. Zilikuwa nyimbo za Cuba na nchi za jirani zake, zimerekodiwa miaka ya nyuma kwa ajili ya soko la Amerika. Humo mna Sexteto Habanero, mna Trio Matamoros, mna "El Manisero" ya Don Azpiazú, iliyorekodiwa New York 1930 na Antonio Machín akiimba. Zilitoka zaidi ya 200. Leopoldville (Kinshasa ya leo) walizisikiliza, Dar walizisikiliza, Mombasa pia. Ndiyo maana bendi ya Morogoro ikajiita ya Kikuba wakati hakuna aliyefika Havana.

Bama haina rumba. Aliyekwenda Bama angerudi na ngoma za Bama.

#8 KifaruWaKalewa

Hilo la mwisho limenichekesha, nakupa moja. Ila niambie, 1933 nani kijijini alikuwa na gramafoni?

#9 SindanoYaChuma

Haikuhitajika kijiji kizima kiwe nazo. Gramafoni ya mkoba haitaki umeme: unavuta hendeli, springi inajikaza, sahani inazunguka. Moja ikiwa kwenye hoteli ya chai, mtaa mzima umesikia. Na soko lilikwisha kuandaliwa na taarab. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi 1928, na santuri zake ziliuzika hata makampuni mengine yakaja yenyewe pwani kutafuta waimbaji. Mwenye duka aliyeuza Siti ndiye huyo huyo aliyeweka GV kwenye rafu ya pili.

Kilichogharimu ni sindano. Sindano ya chuma unaitumia upande mmoja tu wa santuri, basi, unaitupa. Si ubadhirifu wa Mzungu: ndani ya lami ya santuri (ile mada nyeusi ngumu, shellac) mna unga wa mawe uliotiwa makusudi, na kazi yake ni kuisaga ncha ya sindano mizunguko ya mwanzo ili ikae sawasawa na mfereji. Ikifika mwisho wa upande, ncha imeshakuwa patasi. Ukiirudia, inachimba, na santuri inageuka kijivu. Kikopo kimoja kilikuwa na sindano 200. Dansi la pande 40 kwa usiku, kikopo kimekwisha kwa siku tano.

#10 ChetezoBaridi

Kumbe DJ wa zamani alikuwa na bajeti ya misumari.

#11 Arinoti_Halisi

Nyote mmeruka vita moja. Kabla ya vita ya Hitla kulikuwa na ya Kaizari, na kabla ya dansi kulikuwa na beni.

Beni ilianza pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890. Ngoma ya kuiga bendi ya kijeshi: matarumbeta, ngoma kubwa ya kifuani, gwaride, vyeo. Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi. Tanganyika ikawa Marini na Arinoti, na vita ya 1914 hadi 1918 ndiyo iliyoisambaza, kwa askari wa pande zote mbili na kwa wapagazi, hadi Nyasaland (Malawi ya leo) na migodini Rhodesia (Zambia na Zimbabwe za leo). Kila chama kikawa na mfalme wake, daktari wake, jenerali wake, na kazi kubwa ilikuwa kuwashinda wapinzani kwa mavazi na matusi ya mafumbo.

Sasa tazameni bendi za dansi za baadaye: mji mmoja bendi mbili zinazochukiana, wanachama wenye kadi, mwenyekiti, katibu, mashabiki wanaopigana vijembe. Hayo hayakutoka Cuba wala Bama, ni beni iliyovua kofia ya kijeshi ikavaa tai.

#12 PwaniYaKale

#11 umesema jambo. Utani wa jadi wa bendi ni mzee kuliko gitaa.

#13 Mkaguzi

Nimsaidie mwenye uzi kwa kumsahihisha, maana watu wanasema "Bama" kama vile vita nzima ilikuwa huko.

Keya walianza na Mtaliano, Somalia na Uhabeshi, 1940 na 1941. Addis Ababa ilitekwa tarehe 6 Aprili 1941. Mwaka 1942 wengine walikuwa Madagaska, wakipigana na Wafaransa wa Vichy (serikali iliyoshirikiana na Mjerumani), na Brigedi ya 21 ilikuwa tayari Ceylon (Sri Lanka ya leo). Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha kifaru (ndiko lilikotoka jina la Rhino), ilivuka kwenda Ceylon 1943 na kuingia Bama katikati ya 1944. Wakashuka bonde la Kabaw wakati wa mvua, wakafika Kalewa Desemba, na daraja la Bailey (la vipande vya chuma vya kuunganisha) la futi 1,154 likatupwa juu ya mto Chindwin, refu kuliko yote ya aina yake wakati ule.

Kwa hiyo divisheni ilipigana Bama miezi michache, na Ceylon ilikaa kama mwaka. Kama kuna gitaa lililojifunziwa jeshini, mlitafute Colombo kwanza.

Na si wote waliofika. Meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944. Ilizama kwa dakika mbili hivi. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

#14 ChetezoBaridi

Mola awarehemu. Hii ya meli shuleni hatukuambiwa kabisa.

#15 Seremala_wa_Nyuzi

Naunga mkono #13 kwa sababu ya ufundi tu. Gitaa haliwezi kuishi bonde la Kabaw.

Gitaa za kiwanda za miaka ile ziliunganishwa kwa gundi ya ngozi za wanyama. Gundi hiyo inashika vizuri ikiwa kavu, lakini joto na unyevu vikikutana inalainika tena. Cha kwanza kuachia ni daraja la nyuzi, kwa sababu ndilo linalovutwa saa zote: linainuka nyuma, unaona mwanya wa ukucha, kesho limeruka. Kisha mgongo unaachana na mbavu. Shingo inapinda mbele, nyuzi zinakaa juu mno, ukibonyeza vituo (vile vyuma vinavyokatiza shingo) vya karibu na tumbo noti inapanda kupita inavyotakiwa, gitaa halikubaliani tena na lenyewe. Nyuzi za chuma zinaota kutu, na ya kwanza kukatika ni ile nyembamba. Ungebaki na kasha.

Kambi ya nyuma yenye paa, au Ceylon, hapo sawa.

#16 KifaruWaKalewa

Mkuu #15, nani alisema walipiga gitaa ndani ya handaki? Kikosi cha burudani kilikuwa cha kuzunguka kambi. Na #13 kaniimarisha badala ya kunipinga: mwaka mzima Ceylon, mshahara mfukoni, sinema, maduka ya vyombo. Basi uzi tuuite "Gitaa za Colombo", hoja yangu iko pale pale.

#17 MnaziMmoja32

Kwanza Bama, sasa Colombo. Kesho litakuwa gitaa la Port Said.

#18 MalundeKatanga

Jambo bandugu. Niko Likasi, muniruhusu niseme ya huku kwetu.

Mwenda Jean Bosco alizaliwa 1930. Vita inaisha ana miaka 15, hakuvaa gwanda. Wimbo wake "Masanga", Hugh Tracey, mukusanyaji wa muziki wa Afrika, alimurekodi 1952 hapa hapa, wakati ule mji unaitwa Jadotville. Anaimba Kiswahili cha kwetu, anapiga na gumba na kidole cha shahada tu, na unasikia gitaa mbili. Hiyo haitoki GV (sikiliza, haina clave ya Cuba ndani, ule mdundo wa vijiti viwili) na haitoki Bama.

Lakini vita iko ndani, kwa mlango wa nyuma. Karibu na mji huu kuna Shinkolobwe, mgodi uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima. Wakati wa vita shaba ilitakiwa, bati ilitakiwa, watu walichotwa Kasai, Rwanda, Rhodesia, kazi usiku na mchana. Mshahara wa mgodi ndio ulinunua gitaa na gramafoni. Katanga vita ililipa mupiga gitaa bila kumutuma vitani.

#19 Arinoti_Halisi

#18 karibu sana. Hii ni nadharia ya tano na inanitia wasiwasi kwa uzuri wake. Ng'ambo ya mpaka, migodi ya shaba ya Rhodesia ndiko ilikochezwa ngoma ya kalela, ambayo ni mjukuu wa beni. Migodi ndiyo iliyokuwa kiwanda.

#20 SindanoYaChuma

#18, kuhusu Mwenda nakubali. Kuhusu Leopoldville sikubali. Wanamuziki wa huko Wendo na Bowane walipotoa "Marie-Louise" 1948 kwa lebo ya Ngoma, Cuba imejaa mle ndani.

#21 MalundeKatanga

Leopoldville ni Leopoldville. Sisi tuko Katanga. Kilomita 1,500 na ushee, kaka.

#22 TausiWaBarazani

Ndugu zangu, naomba msaada nje kidogo ya mada. Kuna santuri ya GV imetolewa kwenye sanduku la marehemu babu mkubwa, nzima, haina ufa. Je, ni ushahidi kwamba walikuwa wakisikiliza rumba kabla ya vita? Na nitaichezaje? Kuna pleya ya kisasa ya santuri za LP ndani ya nyumba.

#23 SindanoYaChuma

#22, USIICHEZE KWANZA. Soma hapa.

Sindano ya LP ni nyembamba mno. Mfereji wa santuri ya 78 ni mpana, unataka ncha ya maikroni 76 hivi, ya LP ni kama 25. Ukiweka ya LP inateleza chini kabisa ya mfereji ambako kumejaa uchafu, haigusi kuta zenye sauti. Utasikia mchanga tu. Vichwa vingi vya pleya vinakubali sindano ya kubadilisha iliyoandikwa 78. Inachomolewa na kuchomekwa kwa vidole.

Kusafisha: maji yaliyochujwa na tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, futa kwa kufuata mduara, usikate mistari. Lebo isilowe. Spiriti marufuku kabisa! Lami ya santuri ni utomvu wa wadudu wa India, na spiriti ndiyo inayouyeyusha. Utafuta wimbo huku ukitazama.

Kausha kivulini. Jua la saa moja dirishani linatosha kuikunja kama chapati.

#24 FundiRedio

Nyongeza kwa #22 kuhusu mwendo. Usiamini kitufe kilichoandikwa 78. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, chukua saa, hesabu: mizunguko 39 kwa sekunde 30, santuri ikiwa juu na sindano imeshushwa, maana sindano yenyewe inavuta breki. Ukiwa na karatasi ya mistari ya kupimia, kwa umeme wetu wa hezi 50 ni ile ya mistari 77. Mistari ikisimama tuli mwendo ni sahihi. Itazame chini ya balbu ya zamani ya waya, taa nyingi za LED hazipepesi inavyotakiwa na mistari haitasimama kamwe.

Kwa nini nasumbua? Mizunguko minne na nusu kwa dakika ikipungua, wimbo mzima umeshuka nusu sauti. Mimi naamini nusu ya ubishi wa mitandaoni kuhusu "funguo za siri" za wapiga gitaa wa zamani ni pleya mbovu tu.

#25 Mkaguzi

Na jibu la swali la kwanza la #22: hapana, si ushahidi wa kabla ya vita. Hapa SindanoYaChuma atanuna.

Mfululizo wa GV ulianza 1933 lakini uliendelea kutolewa hadi 1958. Santuri ya 1930 ingeweza kufyatuliwa upya 1950 kwa bamba lile lile. Kuna namba mbili tofauti: ya lebo, GV na tarakimu zake, ni namba ya kuuzia, ile iliyochongwa kwenye lami karibu na lebo ni ya kurekodi. Hiyo ya pili inakwambia wimbo uliimbwa lini. Hakuna hata moja inayokwambia *nakala yako* ilinunuliwa lini. Kwa hiyo santuri ya babu inaweza kuwa ya 1934 au ya 1955, na hoja nzima ya "GV zilikuwepo kabla" lazima ipite kwenye tundu hilo.

#26 SindanoYaChuma

Sinuni. Ni kweli. Lakini bendi ya 1932 na Morogoro Jazz ya 1944 hazikujifundisha kwa nakala za 1955, au nazo zilisafiri nyuma?

#27 Mkaguzi

1932 haikujifundisha kwa GV pia, mkuu. GV ni 1933.

#28 MnaziMmoja32

😂😂 Sindano imekatika.

#29 SindanoYaChuma

Nimepigwa. Ila "El Manisero" ilivuma ulimwengu mzima tangu 1930 na 1931 kwa lebo nyingine, kwa hiyo nafasi ipo. Ngoja nirudi kesho.

#30 LamiNyekundu

Mmegusa utomvu wa wadudu mkapita. Hapo ndipo vita na muziki vilipokutana kweli. Lac hutoka India na nchi za jirani upande ule, na jeshi nalo liliutaka kwa rangi na kwa silaha. Aprili 1942 serikali ya Marekani ilikata kwa asilimia 70 kiasi ambacho makampuni ya santuri yangeruhusiwa kutumia. Santuri kuukuu zikakusanywa zisagwe upya. Jeshi la Marekani 1943 likaanza santuri zake za V-Disc, inchi 12, nyingi kwa plastiki badala ya lami kwa sababu zilipaswa kufika zikiwa nzima baada ya kurushwa ndani ya malori. Inchi 12 zilibeba zaidi ya dakika sita upande mmoja, wakati santuri ya kawaida ya inchi 10 inaishia dakika tatu na kitu.

Swali langu: miaka ya vita, santuri mpya zikiwa haba, watu walifanya nini? Walipiga wenyewe. Uhaba wa santuri nao unaweza kuzaa bendi. Naiweka kama nadharia ya sita, mnaweza kuitupa.

#31 PwaniYaKale

#30 siitupi. Morogoro 1944 inakaa vizuri humo.

#32 FundiRedio

Na redio mmeisahau, waungwana. Nairobi ilikuwa na kituo tangu 1928, kikitangaza kwa Kiingereza kwa walowezi. Matangazo kwa Waafrika yalianza kwa sababu ya vita: serikali ilitaka familia zipate habari za askari wao. Lusaka kituo kilifunguliwa 1941, kwa sababu hiyo hiyo. Ukishafungua redio kwa habari za vita, saa nzima huijazi kwa habari. Unajaza kwa nyimbo.

Vita ilipokwisha mitambo haikung'olewa. 1949 ikaja ile redio ya sufuria, kasha lake la alumini la duara, ikiuzwa pauni 5, betri yake shilingi 25 na inadumu saa kama 300. Gramafoni inataka sindano kila dakika tatu. Hii inataka betri moja, ukiwasha saa tatu kwa siku una zaidi ya miezi mitatu. Dar es Salaam na Unguja wakapata sauti zao 1951. Kwa mtazamo wangu mlipuko anaousema mwenye uzi ni huu.

#33 KifaruWaKalewa

Na redio ilianza kwa sababu ya nani? Ya ASKARI. Asante, funga uzi.

#34 MnaziMmoja32

Hata kuku akitaga utasema ni kwa sababu ya askari.

#35 BetiNaVina

Napita tu. Mnahangaika na gitaa wakati kazi kubwa kuliko zote ambayo vita ile iliiachia lugha hii ni ya kalamu: *Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945*, wa Shaaban Robert, ambaye vitani hakwenda. Yuko ofisini Tanganyika, anasoma habari, anazipanga kwa vina. Habari zilifika kabla ya askari kurudi. Basi kama shairi lilizaliwa bila safari, midundo nayo ingeshindwa?

#36 Arinoti_Halisi

Umepita tu lakini umeacha alama kwenye sakafu.

#37 Nyatiti_Nyuzi8

Mimi nina swali la mkono, si la tarehe. Magharibi mwa Kenya gitaa lilipokelewa na watu waliokwisha kupiga nyatiti na litungu, ala za nyuzi za jadi. Vidole vilikuwa tayari, kilichobadilika ni mti. Ndiyo maana gitaa la huko halifanani na la Mombasa, ijapokuwa askari walitoka kote na santuri zilikuwa zile zile. Aliyeleta gitaa hawezi kueleza tofauti hii, mpokeaji ndiye anaieleza.

Na penseli je? Ile ya kufunga shingoni kupandisha sauti, ilianza wapi?

#38 Seremala_wa_Nyuzi

Ilianza wapi sijui nani atasema, lakini namna ya kuifunga ni hii. Penseli ndefu kuliko upana wa shingo kwa kama sentimita moja kila upande. Iwe ya pembe sita, upande bapa ulale juu ya nyuzi. Ya duara inabingirika. Iweke nyuma tu ya kituo, usiipandishe juu ya chuma chenyewe, utaziba sauti. Mkanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, upana wa kidole kidogo, pitisha chini ya shingo, vuta, zungusha ncha mbili za penseli mara mbili au tatu.

Kinachoharibika: mbao za penseli ni laini, nyuzi nyembamba zinachimba vijia, baada ya wiki uzi wa kwanza unaanza kuvuma kama nyuki. Geuza upande. Una pande sita, yaani penseli moja ina maisha sita. Ukikaza mpira upande mmoja kuliko mwingine, nyuzi za besi zinapanda na gitaa linasikika limechafuka hata kama ulilitega vizuri. Tega upya baada ya kufunga, si kabla.

#39 MalundeKatanga

Huku ni hivyo hivyo. Penseli ya shule.

#40 ChetezoBaridi

Maisha sita! Penseli kuliko paka wa mtaani kwetu.

Na ile nyimbo ya "Malaika", wakuu, ilitungwa na nani hasa?

#41 PwaniYaKale

Weeee. Toka. Ile ina uzi wake wenye kurasa zisizohesabika na bado hawajapatana.

#42 Mkaguzi

Kabla hatujapotea, nimrudie #37. Hoja ya mpokeaji ni nzito lakini inataka mfano wa mji mmoja wenye santuri zile zile, askari wale wale, na mikono tofauti. Kisumu dhidi ya Mombasa haitoshi. Mombasa ilikuwa na bandari, Wagoa, bendi za tarumbeta, taarab. Huwezi kupima chumvi kwenye pilau lenye viungo kumi.

#43 Mgoa_wa_Shangani

Hatimaye mtu katutaja. Bendi ya Sultani Unguja ilikuwa na wapigaji wa Kigoa miaka mingi kabla ya yote haya. Watu waliosoma noti, waliopiga waltz jioni bustanini. Nani alimfundisha mvulana wa mtaani kutega fidla na banjo? Halitasemwa humu kwa sababu halina bunduki wala Cuba.

#44 KifaruWaKalewa

Basi sasa ni saba au nane. Nilileta hoja tatu nimerudishiwa lori zima. Sijashindwa, lakini jina la uzi nalibakiza na alama ya kuuliza.

#22, santuri vipi?

#45 TausiWaBarazani

Sindano ya 78 imepatikana. Nimesafisha kwa maji na tone la sabuni, mizunguko nimehesabu 37 kwa sekunde 30, nikasogeza kidogo, sasa 39. Sauti ipo, ya kiume, na kitu kama vijiti viwili vinagongwa. Ila mbele kabisa inarukaruka pale pale, mara nne, kisha inaendelea. Nifanye nini?

#46 SindanoYaChuma

Usiongeze uzito kwenye mkono. Hapo mara nyingi ni uchafu uliogandia, si mkwaruzo. Kata kijiti cha mwanzi kiwe na ncha, kiloweshe maji, pita taratibu ndani ya mfereji ule ule kwa kufuata mzunguko, ukiwa na lenzi. Ukiona mstari unaokatiza mifereji, huo ni mkwaruzo, uache. Vijiti viwili ndiyo clave hiyo. Tuandikie namba iliyochongwa kwenye lami, na upande wa pili kuna nini.